Paundi 48, siku mbili, Edinburgh

Najua nimekuwa kimya, na wengine mmeshaanza kuniuliza kama nimezamia moja kwa moja kwenye vitabu. Kazi za darasa zilikuwa nyingi, baridi nayo ya huku Glasgow haimpi mtu hamu ya kukaa mezani kuandika. Ila leo nimerudi na stori ya wikendi iliyopita. Ni stori ya msosi, kwa hiyo kama una njaa, kula kwanza ndipo usome.

Darasa letu tuko kumi na wawili, kutoka kila kona ya dunia. Wiki mbili zilizopita mmoja akatoa wazo: jamani, tuko Scotland tangu mwezi wa tisa na Edinburgh hatujaiona, twendeni tukalale huko usiku mmoja. Wote wakaitikia. Na mimi nikaitikia, maana si unajua tena, ukiwa mweusi peke yako darasani hutaki uwe yule ambaye kila siku ana sababu ya kutokwenda.

Tatizo ni hela. Mwezi huu nilishaahidi kutuma mchango wa ada ya chuo ya mdogo wangu wa kike, na mwisho wa kulipa ulikuwa Jumatatu. Mama ni mama ntilie pale Msamvu, Morogoro. Amenisomesha kwa wali maharage na chapati, na sasa ilikuwa zamu yangu kusaidia. Hiyo hela nikaiweka pembeni. Nikalipa nauli ya basi na kitanda cha hosteli, kilichobaki mfukoni kilikuwa paundi 48. Ukibadilisha kwa hela yetu, paundi moja ni zaidi ya shilingi elfu tatu, unaweza kudhani mimi tajiri. Subirini.

Jumamosi

Basi la Glasgow kwenda Edinburgh linatoka kila baada ya muda mfupi, usiku na mchana, na ni mwendo wa kama saa moja na robo tu. Unashukia stendi iliyo karibu na St Andrew Square. Ukitembea kidogo kuelekea Princes Street unaiona ile ngome juu ya jiwe lake, kama imeota hapo yenyewe. Nilisimama, nikasahau hata baridi. Upande mmoja mji mkongwe wenye vichochoro na majumba marefu meusi, upande wa pili mji "mpya" ambao walianza kuujenga karne ya 18. Huo ndio upya wao! Sehemu zote mbili ziliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 1995.

Kiingilio cha ngome kilikuwa karibu paundi 20. Wenzangu sita wakaingia. Mimi na wengine tukasema tutaiona kwa nje, na kweli kwa nje inaonekana vizuri tu. Tulikuwa chini kule bustanini saa saba kamili mchana mzinga ulipopigwa. Huwa wanaupiga kila siku isipokuwa Jumapili, Krismasi na Ijumaa Kuu. Mimi sikujua. Niliruka, nusura niangushe chapati yangu.

Naam, chapati. Nilikuwa nimebeba chapati tatu na mayai mawili ya kuchemsha kutoka bwenini. Nikakaa kwenye benchi pale Princes Street Gardens nikala kwa raha zangu. Tahadhari moja: shakwe wa Edinburgh ni wezi wenye uzoefu. Mmoja alitua hatua mbili kutoka kwangu, akanitazama kama ananidai. Kula huku umeshikilia.

Baada ya hapo nikaenda Makumbusho ya Taifa ya Scotland, Chambers Street. Bure kabisa. Humo ndimo yupo kondoo Dolly, yule wa kwanza kutengenezwa kutoka seli ya kondoo mkubwa, aliyezaliwa mwaka 1996 palepale nje kidogo ya Edinburgh. Wamemkausha wamemweka kwenye kioo. Jengo lina joto, vyoo visafi na viti vya kukaa. Kwa mtu aliyefulia mwezi wa pili, makumbusho ya bure ni zaidi ya makumbusho.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kahawa. Tulipotoka tukaingia mtaa wa Royal Mile, upepo ukawa unakata kama kisu, wenzangu wakaingia mgahawa mmoja nami nikawafuata. Kikombe kimoja paundi 3.60. Nilikinywa polepole mpaka kikapoa.

Kosa la pili lilikuwa kubwa.

Ile bili

Usiku watu wakataka kula pamoja, wote kumi na wawili. Wakachagua baa moja yenye chakula, hukohuko mji mkongwe, taa nzuri, moto unawaka ukutani. Sitaitaja, maana haikunikosea kitu. Nikaangalia menyu kwa kuanzia upande wa kulia, upande wa bei, kama tunavyofanya sote. Nikaagiza supu. Inaitwa Cullen skink, ni samaki aina ya haddock aliyekaushwa kwa moshi, viazi, vitunguu na maziwa. Tamu kwelikweli, inanikumbusha samaki wa kubanika wa nazi, ingawa ndugu zangu wa Tanga watanipiga kwa kusema hivyo. Nikaomba maji ya bomba. Hapo nilikuwa nimepiga hesabu yangu vizuri: supu na mkate, nimemaliza.

Wenzangu wakaagiza nyama, samaki, mvinyo, keki, halafu mizunguko ya bia. Tulicheka sana, siwezi kusema uongo. Mwisho mhudumu akaleta bili. Jamaa mmoja akaichukua, akatoa simu, akasema, "Tugawe tu sawa kwa sawa, ndiyo rahisi." Wote wakatikisa vichwa. Nami nikatikisa.

Paundi 31 na senti 50 kila mtu.

Wadau, nilihisi ile supu inapanda. Mdomo ulitaka kusema, mimi nimekunywa supu na maji tu. Lakini sauti haikutoka. Nikaona watatazamana. Nikaona watasema yule Mwafrika hana hela. Nikatoa kadi nikalipa, nikatabasamu na kusema chakula kilikuwa kizuri. Kwetu mtu akikualika mezani analipa yeye, au mkijua kuna ukata mnachangishana kwa uwezo. Hii ya kulipia bia ambayo hukuinywa, huku ukijifanya huoni, sikuwa nimefundishwa.

Usiku hosteli sikulala vizuri. Kitanda cha juu, watu wanane chumbani, mmoja anakoroma. Nikawa napiga hesabu: 48 toa 3.60 toa 31.50, inabaki 12.90. Na kesho yote bado. Pembeni iko ile hela ya mdogo wangu. Nitakuwa mkweli kwenu, maana ndiyo maana ya diari: niliifikiria. Niliwaza nimege paundi 20 tu, nitajazia mwezi ujao. Nikafungua kabisa programu ya benki kwenye simu. Halafu nikakumbuka mama anavyoamka saa kumi alfajiri kuwasha mkaa, nikaifunga. Lakini aibu niliyoisikia haikuwa ya kutokuwa na hela. Ilikuwa ya kwamba nilikuwa tayari kumwibia mdogo wangu ili wageni wasijue.

Jumapili, uji

Hosteli nyingi za huku zina jiko la wageni, na jikoni kuna rafu ya chakula kilichoachwa na waliotangulia, unakula bure. Usiione ndogo rafu hiyo. Mimi nilikuta pakiti ya oti nusu, chumvi na majani ya chai. Nikapika uji. Waskoti wenyewe uji ni chakula chao cha asili, na wazee wao wanaweka chumvi badala ya sukari. Nilijaribu na chumvi. Si mbaya, ila roho yangu ilitaka ulezi na ndimu. Nikajaza tumbo.

Halafu nikampigia simu dada mmoja wa Kitanzania anayesoma PhD pale Edinburgh. Tunafahamiana kupitia watu wa nyumbani, yeye ana miaka minne kwenye mji ule.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Uko Edinburgh tangu jana na leo ndiyo unanipigia? Umelala wapi? Umekula nini?"

Nikamweleza. Nilitaka kuifanya stori ya kuchekesha, ila nilipofika kwenye ile 31.50 sauti ikabadilika. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Nikute Nicolson Square saa saba. Na usinunue kitu njiani."

Pale Nicolson Square kuna mgahawa unaitwa Mosque Kitchen. Ulianzia nyuma ya msikiti mkuu wa Edinburgh, ule uliofunguliwa mwaka 1998, watu wakiwa wanakula uani. Sasa una ukumbi wake. Hakuna mbwembwe: unapanga foleni, unaonyesha kidole, unapakuliwa wali na mchuzi wa kuku au wa dengu hadi sahani inalemewa. Hamna pombe, maji yapo. Wanafunzi, madereva teksi, familia, wote wamo. Nilipotaka kutoa kadi dada akanitazama kwa jicho moja tu. "Mgeni siku mbili," akasema. "Leo ndiyo ya pili. Ya tatu nitakupa jembe."

Nilikula, wadau. Nilikula mpaka nikafungua koti.

Huku tunakula akanipa darasa, nami nawapa kama nilivyopewa:

Moja, maji usinunue. Maji ya bomba ya Scotland ni safi na matamu, tembea na chupa yako. Na kwa sheria ya leseni za pombe ya huku, baa au mgahawa wenye leseni lazima ukupe maji ya bomba bure ukiomba. Kwa hiyo usione haya kuomba.

Mbili, Royal Mile ni ya kutembea. Ya kula ni mitaa ya wanafunzi, Nicolson Street na Clerk Street kule kusini, au Leith Walk ukielekea baharini. Ukibanwa ukiwa katikati ya mji, Cockburn Street kuna kijiduka cha viazi vikubwa vya kuokwa, wanavipasua na kuvijaza maharage au jibini. Kimoja kinakufikisha jioni.

Tatu, supamaketi. Mchana kuna mlo wa bei moja, sandwichi, kitafunwa na kinywaji, kwa karibu paundi nne ukiwa na kadi yao ya uanachama, na kadi yenyewe ni bure. Jioni wanaanza kubandika stika za njano kwenye vitu ambavyo tarehe yake inaisha, bei inashuka hadi unacheka. Kuna pia programu ya simu ya Too Good To Go, maduka na mikate wanauza mabaki ya siku kwa bei ya chini, ila hujui utapewa nini mpaka ufungue mfuko.

Nne, kwa wanywaji. Scotland ina bei ya chini ya pombe iliyowekwa kisheria tangu mwaka 2018, na mwezi wa tisa 2024 ikapandishwa kutoka senti 50 hadi 65 kwa kila kipimo. Kwa hiyo usitegemee ofa za pombe za ajabu dukani. Na maduka hayauzi pombe kabla ya saa nne asubuhi wala baada ya saa nne usiku. Wasiokunywa, kuna Irn-Bru, soda yao ya rangi ya chungwa ambayo wanaipenda kupita maelezo. Onja mara moja. Mimi mara moja imetosha.

Tano, usije mwezi wa nane kama huna hela. Kuna lile tamasha la Fringe lililoanza mwaka 1947, mji unafurika na bei ya vitanda inaruka juu.

"Na ya sita," akasema, "ndiyo uliyoikosa jana. Sema kabla hujaagiza, usisubiri bili. Unamwambia mhudumu, mimi nitalipa changu peke yangu. Unasema ukitabasamu, hakuna atakayekufa."

Nikamwambia dada, watanionaje? Akasema, "Watakuona mwanafunzi. Kwani wewe ni nani mwingine?"

George Square

Baadaye tukatembea hadi George Square, ndani ya chuo. Pale kuna kibao cha kumkumbuka Mwalimu Nyerere, aliyesoma Chuo Kikuu cha Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952 akachukua shahada ya M.A. Nilikuwa najua kwamba alisoma hapa, nani hajui, tumekariri tangu shule ya msingi. Lakini ni tofauti ukiwa umesimama palepale na soksi zimelowa.

Dada akaniuliza, "Unajua alikuwa anakula nini?" Sikujua. Akaniambia enzi hizo Uingereza ilikuwa bado kwenye mgao wa chakula tangu vita. Kila mtu alikuwa na kitabu chake cha mgao. Chai ilikuwa ya mgao mpaka mwezi wa kumi 1952, sukari mpaka 1953, nyama mpaka mwezi wa saba 1954. Yaani muda wote Mwalimu yuko Edinburgh, chai, sukari na nyama vilikuwa vya kupimiwa. Nilibaki nacheka peke yangu. Sisi tunamfikiria na fimbo yake na hotuba zake, kumbe kabla ya hapo alikuwa kijana mwenye koti, kwenye mji wa baridi, anahesabu vijiko vya sukari. Tofauti ni kwamba wakati ule mgao ulikuwa wa wote, na kitabu chako kilikuwa wazi kwa muuza duka. Mimi changu nakificha.

Tukakatiza Meadows, akanisindikiza hadi nilipokutana na wenzangu. Nikamwambia asante dada, akasema asante yangu ni kufika salama na kutuma ile hela.

Jioni

Saa kumi na moja giza linaanza kuingia, wenzangu wana njaa, basi letu ni saa mbili. Mmoja akasema tuingie tena mahali tukae. Moyo ukaanza kudunda kama nimeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Nikasema, kwa Kiingereza changu hiki hiki, "Mimi nakuja, lakini leo nalipa changu tu. Jana nililipa hela ambayo sikuwa nayo."

Pakawa kimya kama sekunde mbili. Ndefu hizo. Halafu binti mmoja wa Kihindi akasema, "Mimi pia. Jana nilikula saladi." Jamaa mmoja wa Brazil naye akainua mkono. Na yule aliyegawa bili kwenye simu akashika kichwa, akasema, "Kwa nini hamkuniambia?" Alikuwa anamaanisha kabisa, wala hakuwa na ubaya. Akataka kunirudishia. Nikakataa, akasisitiza, mwisho tukakubaliana atanilipia nauli siku tukienda kwingine. Tutaona.

Basi tukaishia kwenye duka la samaki na chipsi. Hapo nikaonja haggis. Kwa ambao hamjui: ni moyo, maini na mapafu ya kondoo, vimesagwa vikachanganywa na oti, vitunguu, mafuta na viungo, na kwa asili vinapikwa ndani ya tumbo la kondoo. Wazungu wengine wanakunja sura. Mimi niliyekulia supu ya utumbo na makongoro nilihisi niko nyumbani. Dukani wanaikaanga kwenye mafuta kama soseji nene. Ukitaka na chipsi unasema "haggis supper", ukitaka peke yake unasema "single". Na Edinburgh wanakuuliza "salt and sauce?", yaani chumvi na sosi nyembamba ya kahawia yenye siki. Kule kwetu Glasgow ni chumvi na siki tu, na watu wa miji hii miwili wanaweza kugombana juu ya jambo hilo. Mimi nimehamia upande wa Edinburgh, msiwaambie wenye nyumba wangu.

Tuligawana sahani moja na yule jamaa wa Brazil, paundi 4.70 kila mmoja. Njiani kwenda stendi nikapita supamaketi, mkate na mtindi wa stika ya njano, paundi 1.75.

Hesabu ya mwisho, kwa wanaopenda hesabu:

Kahawa ya kijinga: 3.60
Supu, maji, na bia za watu: 31.50
Uji wa rafu: 0
Wali kuku wa dada: 0
Nusu ya haggis na chipsi: 4.70
Mkate na mtindi: 1.75
Imebaki: 6.45

Ukiiondoa ile bili, siku mbili Edinburgh nilikula kwa paundi kumi na senti tano, na sikulala njaa. Hela ya mdogo wangu niliituma Jumatatu asubuhi, kamili. Mama akapiga simu kushukuru, akauliza, "Na wewe huko unakula lakini?" Nikamwambia nakula mama. Safari hii ilikuwa kweli.

Wadau mlioko huku ughaibuni, hebu niambieni: nyinyi bili ikija mnafanyaje? Mnasema, au mnatabasamu na kulipa kama mimi? Wiki ijayo nina mtihani, nikiponea nitawaletea nyingine. Baki salama.